Safari ya Mwanza Kama Ilivyokuwa

Karatasi aliyopewa Nabifo asome ilikuwa na mistari sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa kweli.

Alikuwa ametoka Mbale, anakouza samaki wa moshi sokoni, akaja Jinja kwa mwaliko wa chuo cha uvuvi alichosomea. Wanafunzi walikuwa wanajiandaa kwa safari ya masomo Mwanza, na yeye alitakiwa awasimulie kumbukumbu za safari yake. Mkuu wa chuo sasa alikuwa Mwalimu Isabirye, yule yule aliyewaongoza yeye na wenzake kwenda huko miaka minane iliyopita. Ndiye aliyeiandika karatasi. "Namshukuru Mwalimu Isabirye," ilianza, "aliyetufungulia mlango sisi wasichana."

Nabifo aliisoma mara mbili. Mlango upi?

Mwaka ule walikuwa kumi na wawili, wasichana wanne. Walifika Mwanza miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi, na kabla hawajaoga, Isabirye akagawa kazi. Wavulana wangekwenda mwaloni, samaki wanakoshushwa, wajifunze kujenga tanuri za kukaushia samaki. Wasichana wangebaki bwenini, wapike na kufua.

Siku mbili Nabifo alimenya ndizi akiwa amenuna. Siku ya tatu, jua halijapanda sawasawa, Isabirye alirudi anahema. Fundi wa tanuri, mwanamke aliyeitwa Mama Kabula, hakujua Kiingereza, na kwa siku mbili hakuna aliyemwelewa kule mwaloni. Kiswahili alikijua Nabifo peke yake, kwa kuwa baba yake alikuwa askari wa magereza na yeye alikulia kambini. Chuoni walikuwa wakimcheka. "Lugha ya askari na viboko hiyo," walimwambia.

"Vaa viatu," Isabirye alisema. "Unakuja kututafsiria."

"Na wenzangu?"

"Wenzako wana sufuria motoni."

"Na mimi ninayo yangu, mwalimu."

Hasifa, rafiki yake kutoka Masese, mtaa wa Jinja, alimvuta kanga. Nabifo hakugeuka.

"Nitaandika ripoti," Isabirye alisema polepole. "Unajua maana yake?"

"Andika. Lakini ulimi wangu hautoki hapa bila mikono yangu, wala bila hawa watatu. Tukienda, tunakwenda kujifunza."

Isabirye aliwatazama wote wanne, akaitazama saa yake, kisha akatoka nje kuwangoja. Hasifa ndiye aliyezima moto.

Siku saba zilizobaki walikanda udongo, wakapanga matofali, wakajifunza kuusikiliza moto kwa pua. Mama Kabula aliwagombeza wavulana na wasichana sawasawa, na Nabifo alitafsiri kila tusi bila kupunguza chumvi.

Ripoti iliandikwa kweli. "Mkaidi." Kwa neno hilo moja alizuiwa kufanya mitihani ya vitendo, akamaliza chuo mwaka mzima nyuma ya wenzake. Alilia sana nyumbani Mbale. Radhi hakuomba.

Sasa jina lake liliitwa ukumbini, mbele ya wanafunzi na wageni wa wizara. Alisimama, akaikunja karatasi, akaiweka mezani mbele ya Isabirye.

"Hii si safari yangu," alisema kwa Kiswahili, kisha akageukia Kiingereza. "Yangu nitawasimulia mwenyewe."

Akawasimulia yote: ndizi, sufuria, ripoti. Alipofika kwenye mitihani, Isabirye alimpungia mkono mtu wa vyombo vya sauti, na kipaza sauti kikafa. Nabifo akakisukuma kando. Mwanamke anayeshindana na kelele za soko la Mbale kila siku hahitaji umeme. Akaendelea mpaka mwisho.

Msichana mmoja wa safu ya mbele, Namono, alinyoosha mkono. "Mkuu, na sisi wasichana kwenye orodha yetu tumeandikiwa jikoni. Mwaka huu nani atapika?"

"Nidhamu!" Isabirye alifoka. Lakini minong'ono ilishakuwa kelele, na wageni kutoka wizarani walikuwa wamemgeukia, wanasubiri. Alilegeza tai. "Mtapika kwa zamu," alisema hatimaye, macho chini. "Wote."

Mlangoni Isabirye alimngoja Nabifo. "Umeniaibisha mbele za watu, baada ya heshima yote niliyokupa."

"Mimi nimesimulia tu, mwalimu. Yaliyotendeka uliyatenda wewe."

Chuo hakikumwalika tena. Hata barua ya shukrani, ambayo kila mgeni wa siku ile aliipata, yeye hakuletewa. Wiki tatu baadaye alikuwa akipanga sangara kwenye tanuri, simu ikalia. Alikuwa Hasifa, kutoka Masese.

"Wameshafika Mwanza," alisema huku akicheka. "Wasichana wote wako mwaloni. Wavulana wa zamu ya leo wanalalamika kwamba hawajui kusonga ugali wa posho."

"Watajua," alisema Nabifo, akaongeza kuni.