Vipimo vya Afande

Afande alipoingia dukani kwangu, wateja wawili walikumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu motoni, na mke wangu akajitosa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mimi miguu ilikuwa kwenye cherehani, nikakosa pa kukimbilia.

"Sare imenibana," akasema. "Nipime upya."

"Vua mkanda kwanza, afande."

Akauvua, bastola na vyote, akauweka juu ya meza ya kukatia.

"Haya, mikono juu."

Akainua. Nikampima kifua polepole, nikasahau namba, nikapima tena. Nikaenda kutafuta chaki niliyokuwa nimeichomeka sikioni. Nyuma ya pazia, mke wangu alikuwa akibana kicheko.

"Fundi, mikono inachoka!"

"Vumilia, afande. Yule kijana fundi simu wa hapo jirani, mliyempiga risasi mwezi uliopita, aliinua yake vizuri kuliko wewe, na wala hakulalamika."

Kicheko nyuma ya pazia kikakatika. Afande akanitazama, akautazama na mkanda wake pale mezani, mikono ikiwa bado juu.

"Ishushe tu," nikamwambia. "Kwangu mtu akiinua mikono, anarudi nyumbani kwake."