Kuua Programu Mbele ya Mkunga

Mkunga mkuu alikuwa na kinyongo na kompyuta, na hakukificha. Programu ya kwanza ya kliniki ya wajawazito ilizimika asubuhi moja, ikawashwa, ikarudi tupu kama sahani iliyorambwa. Kina mama waliokwisha kupimwa damu wakadungwa upya, na mmoja wao, mwenye presha ya kupanda, akaondoka kabla hajaitwa tena. Walimpata jioni akiwa hai, kwa bahati tu. Tangu hapo mkunga akaapa kwamba mafaili ya kina mama wake yatabaki kwenye karatasi mpaka aone kwa macho yake programu inayokufa bila kusahau.

Fundi aliyeletwa kumwonyesha alikuwa mtoto wa dada yake. Nyumbani walimwita Taratibu, maana hata chai aliinywa kana kwamba amekodi kikombe kwa siku nzima. Msimamizi wa kliniki alikuwa amemchoka. Alitaka mfumo mpya ufunguliwe siku hiyo hiyo, kina mama wamejaa kwenye mabenchi, na huyu binti bado anakagua tu. Mkunga alimtetea, ingawa moyoni alijiuliza kama undugu haujamtia upofu.

Katika chumba kidogo nyuma ya duka la dawa la kliniki kulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kufanya kazi kama moja. Taratibu alimweleza mama yake mdogo bila kujigamba. Programu inakaa ndani ya kontena, sehemu iliyotengwa kwenye kompyuta, kama mpangaji chumbani. Kontena likifa, mfumo unaleta jingine, hata kwenye kompyuta nyingine, lakini mpangaji mpya anaingia mikono mitupu. Ndiyo maana ametenga hifadhi ya kudumu, kabati lililo nje ya chumba, lenye nakala kwenye kompyuta zote tatu. Kila mpangaji ajaye atalifungua na kukuta vitu vyote.

Mkunga alielewa. Waliporudi chumba cha kupimia, akataka waandike mgonjwa wa kubuni, waue programu kwa kuizima ghafla, waone. Taratibu akakataa. Faili la mtu asiyekuwepo likipotea hakuna anayeumia, alisema, na asiyeumia hatazami vizuri.

"Basi tumwandike nani?"

"Niandike mimi, mama mdogo."

Mkunga akacheka, akamkumbusha kuwa hii ni kliniki ya wajawazito, si ya waliochoshwa na kompyuta. Taratibu hakucheka. Alitaja tarehe aliyoona siku zake kwa mara ya mwisho, kwa sauti ile ile aliyoelezea kabati. Mkunga akaiacha kibodi, akamtazama. Mimba mbili za binti huyu zilikuwa zimetoka, na ndugu wenye midomo walikuwa wameshaanza maneno. Alitamani kumkumbatia, lakini kazi kwanza. Akampima presha, akaandika kila kitu.

Taratibu akahakikisha faili limehifadhiwa, kisha akaiua programu. Punde ikarudi. Orodha ya wagonjwa ilikuwa tupu.

Mkunga alijua yaliyopotea ni maandishi tu, binti yupo mbele yake mzima, lakini aliogopa kama aliyeona damu. Msimamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanung'unika kwamba wangefungua tu bila kuchokonoa, aibu hii isingetokea. Mkunga akamwambia aibu ya leo ni nafuu kuliko msiba wa kesho.

Taratibu alisoma mipangilio ya programu mstari kwa mstari, kisha akajigonga paji la uso. Hifadhi aliiunganisha na folda moja, na programu ilikuwa inaandika kwenye folda nyingine.

"Kabati lipo, ila mpangaji anaweka vitu sakafuni," alisema. "Kosa ni langu."

Hapo ndipo mkunga alipomvulia kofia. Katika kazi yake amekutana na mabingwa wengi hodari wa kufunika makosa. Huyu alilitafuta kosa lake hadharani, tena kwa kuweka rehani kitu alichokipenda kuliko vyote. Alijivunia kuwa mama yake mdogo.

Kosa likarekebishwa, faili likaandikwa upya. Safari hii Taratibu hakuiua programu. Alimrudisha mkunga kwenye chumba cha nyuma, akamwonyesha kompyuta iliyokuwa ikiiendesha, akamwomba achomoe waya wa umeme mwenyewe. Mkunga akapiga moyo konde, akachomoa.

Walisubiri sana, msimamizi akaenda kuwaomba kina mama radhi na kurudi. Kisha programu ikaamka kwenye kompyuta nyingine. Jina lilikuwepo. Presha ilikuwepo, na mimba mbili zilizotangulia, na ya tatu chini yake.

Mkunga alisoma yote, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Akamwambia msimamizi aanze kuwaita kina mama. Halafu akamgeukia binti yake kwa sauti anayowasemeshea wagonjwa.

"Utarudi baada ya wiki nne, mwanangu," alisema. "Nitakukuta humu."