Ukosi Usioshonwa

Nakutegea, mjukuu wangu. Nina rafiki: nikicheka anacheka, nikilia analia, lakini hajawahi kunipangusa hata chozi moja. Usikimbilie kujibu. Jibu utalikuta chumbani kwa Nafula.

Mwaka huo wa 2014 nilikuwa Doha kwa binti yangu Milka, muuguzi, nikimlelea mtoto. Tulikaa Al Mansoura, nyumba moja iliyogawanywa, kila chumba na watu wake. Chumba cha pili alikuwemo Nafula, Mgisu wa Mbale kule Uganda, dobi wa hoteli. Nguruwe hali, Jumamosi anabadilishana zamu apumzike. Tukasema huyu ni Msabato. Hakukataa.

Basi mama yake akafa huko kwao, akazikwa siku hiyo hiyo, Nafula hata ruhusa ya safari hajaomba. Akajifungia. Milka akaingiwa na hofu, kwa maana alijua Nafula aliwahi kuugua ugonjwa wa huzuni mpaka akalazwa, na dawa bado anameza.

Kesho yake asubuhi tukaingia. Nafula alikuwa amekaa sakafuni, na kitanda kipo. Ukosi wa blauzi umechanika upande wa moyo. Kioo cha kabati amekifunika leso. Jibu ndicho hicho kioo, mjukuu, kama hukulipata.

"Chakula chako kwa friji hujakigusa," Milka akasema. Akachuchumaa mbele yake. "Nafula, nakuuliza bila kuzunguka. Unawaza kujiua?"

Nafula akageuzia uso ukutani.

Milka akanivuta mlangoni. "Mum, usimwache peke yake. Nampigia daktari."

Mimi kimya hunishinda. Nikampa pole, nikamweleza habari za ng'ombe wangu, nikamtegea vitendawili viwili. Mikono nayo ikataka kazi, nikachukua sindano nikaanza kumshonea ule ukosi, akiwa ameuvaa. Akanishika mkono.

"Shosho, fumua," akasema, akiniita bibi kama kawaida yake.

"Nifumue utembee kifua wazi?"

"Niliuchana mwenyewe. Ni wa mama. Wa mzazi haushonwi ukawa kama zamani." Akaushika ule ukosi. "Sisi ni Wayahudi."

"Wayahudi wa Mbale?"

"Tangu babu zetu."

"Na hapa umekaa kwetu Msabato."

"Mlinibatiza nyinyi, Shosho. Mimi sikuwepo." Mdomo ukacheza kidogo, halafu ukarudi.

Nikafumua uzi polepole, naye akaniambia. Kwao mfiwa hukaa chini wiki nzima. Vioo hufunikwa, asipate kazi ya kujitazama. Anayekuja kumliwaza hamwanzi kwa maneno. Hukaa, akangoja mfiwa aseme. Na chakula cha kwanza baada ya mazishi mfiwa hali chake. Huletewa na jirani.

"Ndiyo sababu hukugusa friji?"

"Nilikuwa nangoja mtu abishe," akasema. "Baadaye nikaona hapa hakuna anayejua kwamba anangojwa. Nikaacha kungoja."

Nikamuuliza huletewa nini.

"Yai hutosha."

Nikaacha mlango wake wazi nimwone kutoka jikoni, nikachemsha mayai yetu. Nikatoka nje, nikabisha kama mtu aliyetoka mbali. Nikaweka sahani mbele yake, nikajishusha sakafuni, magoti yakinilaumu. Na mdomo nikaufunga. Wewe unanijua, kwangu hiyo ni kazi ya kutwa.

Adhana ya adhuhuri ikaingia dirishani ikaisha. Nafula akamenya yai, ganda akilikusanya kwenye kiganja. Akalila lote. Akavuta la pili.

Milka akarudi na simu mkononi, kumbe daktari alikuwa amekubali kumwona siku hiyo. Kabla hajafungua kinywa nikaweka kidole mdomoni pangu, nikaipiga sakafu kwa kiganja, akae. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akakaa, na yunifomu yake nyeupe. Tukakaa watatu. Mtoto wa Milka akalia kidogo chumba kile kingine, akanyamaza mwenyewe.

Nafula akafuta vidole. Akamgeukia Milka.

"Ulichoniuliza, ndiyo," akasema. "Tangu jana nawaza hivyo. Nipelekeni kwa daktari, lakini msiniache huko peke yangu."