Kipovu Kiko Wapi?

Gari lenyewe lilikuwa la mjomba, aliyekuwa akilitumia kusambaza mikate. Lilikuwa sanduku la bati lenye magurudumu, halina dirisha hata moja nyuma ya kiti cha dereva, na kwa jinsi lilivyojikunyata uani kwetu miaka yote baada ya yeye kufariki, mama alilipa jina Kobe. Nilipomaliza chuo, nina shahada ya malezi ya watoto na sina kazi, nilimtazama Kobe nikaona chekechea. Nilitaka aende sokoni kila asubuhi, apaki pembeni, na watoto wa akina mama wauza mboga wapande humo wachore, waimbe na walale kidogo, badala ya kushinda chini ya meza wakila vumbi.

Dada yangu ni fundi magari. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema shahada yangu haifungui hata boliti moja, ila yeye anafungua. Tangu hapo kila alipotoka gereji alikuwa chini ya Kobe, nami nikawa ndani. Alikata madirisha ya duara ubavuni, akachomelea bati jipya pale kutu ilipokuwa imekula sakafu. Mimi nilipiga msasa, nikapaka rangi ya manjano, nikaunda mabenchi mafupi ambayo dada alisema yanafaa kukaliwa na kuku.

Nakiri kwamba mimi ni mwoga. Nilipokuwa mdogo, msimu mmoja wa mvua, nilikuwa nimekaa jikoni nyuma ya nyumba nikichezea vifuniko vya sufuria. Dada akatokea mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ananiita kunawa mikono, "Usiulize. Njoo." Nikainuka nikaenda. Ukuta wa jikoni ukaanguka juu ya vile vifuniko. Yeye alikuwa ameuona ufa ukipanuka. Mimi tangu siku hiyo siingii chumbani bila kukagua kuta. Yeye, sijui ilikuwaje, alitoka pale akiwa haogopi kitu.

Kwa hiyo alipompandisha Kobe juu ya stendi nne za chuma na kuyapeleka magurudumu yote kwa fundi wa matairi, mimi sikupata usingizi mzuri. Nilimwomba tupange magogo chini ya chesisi, kama akiba tu. Akanicheka.

"Msomi, stendi hizi nimezichomelea kwa mkono wangu. Zitambeba Kobe, na zitaubeba na huo woga wako."

Mama alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyopita karibu na mkia wa gari. Alicheka naye, halafu akasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Dada akamjibu kwamba kicheko kimeshafika, tusubiri hicho kingine, akajitandikia boksi lake la kulalia na kuteleza chini ya gari.

Siku ninayoisimulia ilikuwa alasiri ya jua kali. Dada alikuwa chini, upande wa nyuma, akipambana na boliti ya springi iliyogoma. Alikuwa amevalisha bomba refu kwenye spana ili apate nguvu, na kila alipovuta, gari lote lilitikisika kidogo na rangi zangu zikacheza ndani ya makopo. Katikati ya kuvuta na kuvuta aliimba, vibaya kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa mbele kabisa, karibu na bati linalotenga chumba cha dereva, nikifunga benchi la mwisho ubavuni. Niliweka pimamaji juu yake, kile kipimo chenye kipovu cha hewa ndani ya kioo, ambacho hukaa katikati kitu kikiwa sawa na hukimbilia upande ulioinuka. Kipovu kikakimbilia mbele. Nikainua mguu wa nyuma wa benchi kwa kipande cha mbao, kikarudi katikati, nikaridhika. Nikatafuta misumari. Nilipotazama tena, kipovu kilikuwa mbele.

Nikaongeza kipande kingine. Dada alisikia nyundo akauliza kama benchi limeota miguu mipya. Nikamjibu kwamba mbao imepinda. Niliamini hivyo, kwa sababu useremala wangu naufahamu. Lakini kipovu kilipotoka katikati mara ya tatu, nikaichukua pimamaji nikailaza sakafuni, juu ya bati ambalo dada mwenyewe alilinyoosha. Kikaenda mbele. Nikaigeuza, nikailaza kwa upana wa gari. Kikaenda kulia.

Dada akavuta spana. Gari likatikisika. Na mbele ya macho yangu kipovu kikasogea tena, polepole, kama jicho linalogeuka kunitazama.

Benchi halikuwa na kosa. Kobe alikuwa anazama, kona ya nyuma kushoto, na dada yangu alikuwa amelala chini ya kona hiyo.

Nilitaka kukimbia nje nimvute miguu, lakini mlango uliokuwa wazi ni wa nyuma, na kuufikia ningepita juu ya kona ileile inayozama. Nilitaka kupiga kelele, lakini dada akishtuka angejiinua na kugonga chesisi, au angevuta lile bomba kwa nguvu zote. Nikimweleza taratibu angenicheka, maana nimeshamwonya juu ya hizi stendi mara zisizo na idadi, na katika kunicheka angevuta mara moja tu ya ziada. Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukabanana na kona ya mbele kulia. Sina mwili mkubwa. Nilisimama pale nikitamani kuwa mzito kama gunia la saruji.

Hapo ndipo nilipomwona mama kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa anakuja na beseni la maji ya kufulia, akiwa amelielekeza pale anapoyamwaga kila siku, chini ya kamba ya nguo, hatua chache kutoka kwenye stendi ya nyuma kushoto. Uani kwetu ardhi ni ngumu kama sakafu, isipokuwa pale. Pale imekunywa maji ya sabuni miaka na miaka.

"Mama," nilisema. "Simama hapo hapo. Usimwage."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisimama, beseni mikononi, maji yakicheza hadi ukingoni.

Chini yangu wimbo ulikatika. Nilimsikia dada akivuta pumzi, akijipanga kuvuta tena. Maneno yaliyotoka sikuyachagua. Yalitoka kwa sauti ya chini, kana kwamba namwita kunawa mikono.

"Dada. Usiulize. Njoo."

Nilisubiri kicheko. Kisha nikasikia spana ikilazwa ardhini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Upande gani?" aliuliza.

"Kulia. Usiguse gari."

Boksi likaanza kukwaruza mchanga. Likasimama. Akasema mkono wa ovaroli umenaswa. Nilitazama kipovu, hakikuwa katikati wala karibu napo, kilikuwa kimejibana ukingoni na hakikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikasikia kitambaa kikichanika. Boksi likakwaruza tena, na kupitia dirisha la duara nikaona kichwa cha dada, mabega, kiuno. Mama alikuwa ananong'ona maneno nisiyoyasikia.

Mguu wake wa mwisho ulipotoka, stendi iliinama. Sikusikia mlio mkubwa nilioutarajia, bali mguno wa bati, halafu sakafu ikanitoroka na mabenchi yote yakanifuata. Nilijikuta nimekaa kwenye rangi ya manjano, nimechubuka kiwiko, nikimsikia mama akituita kwa zamu, mimi, dada, mimi, dada. Beseni alikuwa bado amelishika.

Dada alinitoa kwa mlango wa nyuma, ambao sasa ulikuwa usawa wa ardhi. Hakutania. Aliinama akatazama pale alipokuwa amelala. Bomba la spana lilikuwa limezikwa chini ya chesisi, limepinda. Alikaa chini.

Siku nyingi zilipita bila yeyote kumgusa Kobe. Mama alihamisha kamba ya nguo bila kuambiwa. Kisha dada akarudi na magogo, akamwaga zege chini ya kila stendi, akayapanga magogo na magurudumu yaliyorudi kwa fundi chini ya chesisi, akakagua, akakagua tena. Alipomaliza hakuingia chini. Alisimama na boksi lake mkononi hadi mimi nilipopanda ndani, nikakaa sakafuni na kuweka pimamaji mbele yangu.

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Chekechea bado haijafika sokoni, breki hazijakamilika. Yeye hufanya kazi chini, haimbi tena, nami hukaa juu bila kushika kazi nyingine. Kila baada ya muda sauti hupanda kupitia sakafu, nyembamba, kama ya mtoto.

"Kipovu kiko wapi?"

"Katikati."

Spana hulia kidogo, hunyamaza.

"Na sasa?"

"Katikati, dada. Nakitazama."