Chungu cha Shemeji Cuthbert

Tangu mkewe afariki, Rufus Teague alikuwa amebakiwa na imani moja tu: kwamba mkubwa yeyote, awe wa serikali, wa hospitali au wa meli, akikuonyesha njia kwa mkono mmoja, mkono wa pili uutafute mfukoni mwako. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amezoa taka za jiji la Newark, na mzoa taka haambiwi mambo ya watu. Anayaona kwenye mapipa yao.

Kwa hiyo siku ya kwanza melini, alipopita kwenye meza ya kuuza ziara, binti wa pale akamwita kwa tabasamu lililopigwa pasi.

"Baba, bandari yetu ya kwanza ni Grenada. Tuna basi la kuwapeleka kwenye maporomoko ya maji, na chakula cha mchana humo humo."

"Na mtu akishuka kwa miguu yake, akaenda anakokujua?"

"Ruksa, baba. Ila basi letu likichelewa, meli inalisubiri. Ukienda mwenyewe ukachelewa, meli inang'oa nanga."

Rufus akamgeukia dada yake, Ernestine. "Umemsikia? Kwanza wanakuuzia woga, halafu wanakuuzia dawa yake."

"Mimi nilichosikia ni basi," akasema Ernestine. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. "Nimesikia basi, nimesikia chakula. Wewe una nini cha kunipa?"

"Nina mlima."

"Mungu akulaze pema mdogo wangu, maana naona umeshakufa."

Rufus alikuwa na mipango yake ya kila bandari. Barbados wangekwenda sokoni, St. Lucia wangekaa ufukweni bila kulipa kiti cha mtu. Lakini hizo zilikuwa porojo za kumtuliza Ernestine. Kilichomtoa Newark kilikuwa Grenada, na pale Grenada, nyumba moja ya bati jekundu mlimani juu ya mji wa St. George's. Njia ya kufika alielekezwa na kinyozi wake, mzaliwa wa huko, kona baada ya kona, huku akinyolewa, hata akatoka na kipara asichokiomba. Mwenye nyumba ile alikuwa Cuthbert, kaka wa marehemu mkewe, Ismay.

Cuthbert hakuwa akipokea simu yake. Ismay alipofariki, Cuthbert alimwambia shemeji yake, "Ningoje, naomba viza, usimzike mpaka nifike." Rufus akangoja wiki ya kwanza, akangoja ya pili, kisha akamzika. Tangu siku hiyo simu ya Grenada iliita tu, ikachoka yenyewe. Na Rufus alikuwa amegundua jambo lililomkosesha usingizi kuliko upweke wenyewe: kwamba hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani aliyemjua Ismay kabla hajawa mke wa mtu. Cuthbert akiendelea kunyamaza, nusu nzima ya Ismay imezikwa pamoja naye.

Jioni ya kuamkia Grenada, sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika ya chumbani: wapendwa abiria, tafadhali sikilizeni kwa makini. Rufus akaingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akaoga huku akiimba. Ernestine alikuwa kwenye ukumbi wa chakula, akipigania kamba wa kukaanga na bibi mmoja wa Texas.

Asubuhi waliposhuka, Rufus akaona saa ya ukutani pale mjini. Akatazama ya mkononi, akakuta yake iko nyuma kwa saa nzima. Akaisogeza mbele palepale.

"Saa ya mji ni ya watu," akamwambia dada yake. "Ya melini ni ya wakubwa. Mwisho wa kupanda ni saa kumi na nusu. Tutarudi mapema, na nahodha hatapata la kusema."

Wakapanda mlima. Ernestine alisimama kila penye ukuta wa kuegemea, akaulaani mlima, akamlaani kinyozi, akamlaani na aliyevumbua ngazi. Mchana ulikuwa umeshasimama walipoliona lile bati jekundu. Uani kulikuwa na mzee mrefu, mwembamba kama mti wa ufagio, ameinama akisogeza kuni chini ya chungu kikubwa cha chuma.

"Hodi hapa," akasema Rufus.

Yule mzee hakuinuka. Akawatazama kuanzia viatu kwenda juu, akafika kwenye kofia ya Rufus iliyoandikwa jina la meli, akaishia hapo.

"Aha," akasema. "Leo wametuletea watalii mpaka uani."

"Shemeji."

"Nakuona. Sikusahau sura yako, ingawa ningependa." Akamgeukia Ernestine. "Na huyu mama aliyekosea akaja na wewe?"

"Dada yake," akasema Ernestine. "Sikuulizwa wakati anazaliwa. Naomba kiti, kaka yangu, nife nimekaa."

Kiti kikaletwa, na maji ya ndimu. Rufus akaanza maneno aliyoyatengeneza tangu Newark, "Shemeji, mimi nimekuja ili," lakini Cuthbert akainua mwiko.

"Kwetu hapa chungu kikiwa motoni mtu hazungumzi jambo zito. Kikikauka tutakula. Tukishakula tutaongea. Kama una la kusema, kaa nalo."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya pale, na chungu chenyewe hakikuwa cha haraka. Chini kulikuwa na nyama ya chumvi, juu yake vipande vya mashelisheli, juu tena manjano na majani ya magimbi na madonge ya unga, kisha tui la nazi hadi kufunika. Hakikorogwi, hakifunuliwi. Kinaachwa tui linywewe lote, yabaki mafuta yakilia chini peke yake, hapo ndipo kimeiva.

"Umeonja chumvi?" Ernestine akauliza.

"Mama, ukifunua umekiua."

"Nimelisha watoto mia nne kwa siku, mwaka hadi mwaka, na kila sufuria niliionja."

"Na hao watoto wako wapi? Umewahi kurudi ukawauliza hali?"

Ernestine akacheka mpaka maji ya ndimu yakampalia, na tangu hapo wakawa marafiki, wakibishana juu ya moto, juu ya nazi, juu ya kama kuku ana haki ya kuingia humo. Rufus alikaa kwenye kigogo akitazama saa ya mkononi. Chungu kilikuwa kinatokota kwa raha zake. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Tui bado lilikuwa likinong'ona chini ya mfuniko, na Cuthbert hakuongeza hata ukuni.

Hatimaye Rufus akasimama. "Shemeji, meli haitungoji. Pasi zetu ziko humo, na dawa za presha za dada. Ngoja nikuambie tu neno moja."

Cuthbert alikuwa akipepea moto. Hakugeuka.

"Nenda," akasema taratibu. "Hata siku ile hukuweza kungoja."

Rufus akamshika dada yake mkono, wakatoka.

Ernestine, ambaye hajawahi kunyimwa chakula mbele ya macho yake, alikuwa akishuka ngazi kwa ubavu kama kaa, na Rufus mbele akikimbia nusu, akimtukana nahodha kimoyomoyo, na kampuni ya meli, na mtu aliyeamua kwamba binadamu apewe mchana mmoja tu wa kusamehewa. Walifika kwenye geti la bandari wakihema. Mlinzi, mama mnene aliyevaa sare, alikuwa akila chungwa.

"Taratibu, wazee wangu. Mnakimbizana na nani?"

"Meli," akasema Rufus, akimwonyesha saa yake. "Saa kumi na robo hii. Mwisho saa kumi na nusu."

Yule mama akatazama saa, akatazama kofia, akatema mbegu.

"Hiyo ni saa yetu sisi, baba. Meli yenu inatembea na saa ya Miami, na Miami iko nyuma yetu kwa saa nzima. Huko ndani sasa hivi ni saa tisa na robo. Kwani hamkutangaziwa?"

Ernestine akageuka polepole, akamtazama mdogo wake.

"Tulitangaziwa, Rufus?"

"Walitangaza."

"Lini?"

"Jana jioni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naoga."

Ernestine akavuta pumzi ndefu. Mlinzi akaona aibu kwa niaba yao, akampa nusu ya chungwa.

Palikuwa na benchi pale chini ya kivuli, na mbele yake meli ilikuwa imesimama nyeupe, ina ngazi, ina lifti, ina ukumbi wa chakula usiofungwa. Rufus aliitazama kitambo. Kisha akatazama mlima.

"Dada, wewe panda ukapumzike. Mimi narudi kule juu."

"Ukapumzike mwenyewe. Nimekaa na chungu kile tangu mchana kama mkunga, halafu kizaliwe mimi nisiwepo?" Akameza chungwa. "Ila mimi na magoti yangu tunapanda teksi."

Teksi ikawapandisha kwa fujo na honi. Walipoingia uani, Cuthbert alikuwa bado kando ya moto, peke yake, na mabakuli matatu yamepangwa kwenye ukuta mdogo. Alipowaona akayaangalia yale mabakuli, kama mtu aliyekutwa anazungumza peke yake.

"Meli imekufukuza?"

"Nimeongezewa saa moja."

"Na nani?"

Rufus akahangaika na jibu. "Na nahodha," akasema mwisho, na neno likamtoka kwa shida kama jino.

"Kumbe ni mtu mwema."

"Sijasema hivyo."

Cuthbert akamsogezea kigogo kwa mguu. Rufus akavua saa, akampa Ernestine aishike, akakaa. Safari hii hakusema kitu. Hakuna aliyesema. Walisikiliza tui likipungua, mlio wake ukibadilika, maji yakiisha ndani ya sauti na mafuta yakianza kuchachamaa, na harufu ya nazi iliyoungua kidogo ikatanda ua mzima. Cuthbert akainamisha sikio, akangoja kidogo tena, akafunua.

Wakala. Ernestine aliomba kuongezwa, akakiri kwamba chumvi ilitosha, kisha akasema hakukiri. Cuthbert alipomaliza bakuli lake ndipo akafuta mikono.

"Sema sasa."

"Sikumzika bila wewe makusudi," Rufus akasema. "Niliomba. Yule mkubwa wa chumba cha maiti alikuwa akinipigia simu kila kukicha, bwana Teague, nafasi, bwana Teague, gharama za siku, kama mtu ananidai gari lililoegeshwa vibaya. Mke wangu huyo. Nikamwambia kaka yake yuko njiani. Akaniuliza, njiani wapi?"

Cuthbert akasukuma ukuni nje ya moto.

"Mimi ubalozini walinipa tarehe ya kuhojiwa," akasema. "Mwezi wa saba. Dada yangu kafa mwezi wa pili. Nikamwambia yule kijana wa dirishani, mwanangu, maiti hazingoji mwezi wa saba. Akaniambia nijaze fomu ya dharura. Nikamwomba fomu. Akasema anayetoa fomu yuko likizo."

"Likizo."

"Likizo, shemeji. Mauti hayana likizo, yeye anayo."

"Wote wako likizo," akasema Rufus. "Siku yako ikifika ndiyo siku yao ya kwenda likizo."

"Na ukiwa na shida ya dakika tano wanakupa kiti cha chuma cha kukalia siku nzima."

"Nakijua kile kiti. Kina tundu katikati."

"Ndicho hicho hicho. Wanakisafirisha."

Wakawasema wakubwa wote, wa Newark na wa kisiwani, mmoja mmoja, kwa utaratibu, na walivyoendelea nyuso zao zikazidi kulegea, mpaka Ernestine akasema kwamba hajawahi kuona wanaume wawili wanafurahia dhuluma kiasi hicho.

"Ismay angecheka," akasema Rufus.

"Ismay?" Cuthbert akakung'uta bakuli. "Ismay angekuwa anaiba. Hujui kwamba alikuwa mwizi?"

"Mke wangu?"

"Mwizi wa madonge. Mama alipika chungu kama hiki, wageni wanakuja kutoka kanisani. Ismay ana miaka kama tisa hivi. Akafunua, akala madonge yote ya juu, yote, yakiwa mabichi mabichi, halafu akatengeneza mengine kwa udongo, akayapanga vizuri, akafunika. Mchungaji ndiye aliyeuma la kwanza."

Rufus alimkodolea macho. Nyumbani Newark, kwa miaka yote, Ismay alimchapa mkono kwa mwiko kila alipogusa mfuniko. Kwanza kicheko kilimtoka puani, kisha kifuani, kisha akashindwa kukaa kwenye kigogo. Cuthbert naye akaanza, huku akijaribu kueleza jinsi mchungaji alivyotafuna kwa adabu, na kwamba alimeza.

"Alimeza?"

"Alimeza, akamshukuru mama."

Wakati ulipofika, safari hii ni Ernestine aliyesema, maana saa alikuwa nayo yeye. Cuthbert akaenda nao mpaka barabarani, akiwa na bakuli lililofungwa kitambaa, akalitia mikononi mwa Rufus.

"Hii ya chini ya chungu. Iliyoshika. Ndiyo aliyokuwa akiipenda Ismay." Akamsaidia Ernestine kuingia kwenye teksi, kisha akainama dirishani. "Mwakani usije na meli. Kuja kwa meli ni kuchungulia. Njoo na ndege, ukae. Chumba chake hakina mtu, na hadithi ya mchungaji ilikuwa ndogo. Kuna ya punda."

"Ndege nazo zina wakubwa wake," akasema Rufus.

"Vizuri. Njoo na majina yao."