Sala Nje ya Ukuta

Waliohudhuria kikao cha wazee wa kanisa dogo lililo pembezoni mwa Nkololo, Jumamosi asubuhi, ni hawa: Mchungaji Josia, mwenyekiti, Mzee Masunga, mzee mkuu wa kanisa, Mama Lucy, kiongozi wa akina mama, Mwalimu Novatus, katibu, na Dastan, mkulima wa pamba, aliyechaguliwa kuwa mzee wa kanisa baada ya mavuno. Hakuna aliyekosekana. Ajenda ilikuwa moja tu: kama Dastan aendelee na nafasi hiyo au aiachie.

Utaratibu wa kanisa hilo ni kwamba mzee mpya huanza kazi kwa kumtembelea mgonjwa pamoja na wenzake, kumwekea mikono kichwani na kumwombea. Hakuna aliyewahi kuutilia shaka hadi ilipofika zamu ya Dastan. Mgonjwa aliyekuwepo wakati huo alikuwa Mama Kija, na Mama Kija ndiye aliyemzaa Milembe, mke wa Dastan.

Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Chumba anacholala mama mkwe hakiingiwi na mkwe. Tangu amwoe Milembe, Dastan alikuwa akifika kwa wakwe zake na kukohoa kwenye uzio wa minyaa, kisha akangoja apokewe na mtu mwingine. Mama Kija alimpenda kwa adabu hiyo. Aliwaambia majirani kwamba binti yake ameolewa na mtu anayejua kusimama mahali pake.

Siku ya ziara hiyo, Mama Kija alikuwa amelala ndani, upande wake mmoja umepooza kwa kiharusi. Masunga na Mama Lucy waliingia. Dastan alibaki uani. Baada ya kungoja kidogo, Masunga alitoka kumtazama.

"Mzee mwenzangu, mbona umesimama kama mshenga aliyesahau idadi ya ng'ombe?"

Dastan alimjibu kwa upole kwamba humo ndani amelala mama mkwe wake.

"Humo ndani amelala mgonjwa," Masunga alisema. "Au unamwogopa mkwe kuliko unavyomwamini Mungu?"

Haitakuwa haki kumfikiria Masunga kuwa mtu wa kejeli. Katika ujana wake alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kukataa matambiko ya mizimu, na ndugu zake walimtenga kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Tangu wakati huo, kila mila aliyoiona ikishikwa na Mkristo ilikuwa kwake mlango ulioachwa wazi makusudi.

Dastan aliingia. Alimwekea mgonjwa mkono kichwani, akasema maneno machache ambayo baadaye hakuyakumbuka. Mama Kija, kwa mkono wake uliobaki na nguvu, alivuta khanga akajifunika uso, akalia bila sauti hadi sala ilipokwisha. Jumapili iliyofuata Masunga alitoa ushuhuda mbele ya waumini kwamba mama yule aliguswa na Roho hata akatokwa na machozi. Watu walipiga makofi. Dastan alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzake, na hakuinua macho.

Ukweli aliuleta Milembe nyumbani. Mama yake alikuwa ameagiza alazwe akiwa ameelekea ukutani, na uji alikuwa akiukataa. "Amesema hana hasira na wewe, baba Shija," Milembe alimweleza mumewe. "Ila amesema hajui sasa atakutazamaje."

Dastan hakuweza kuamua ni lipi lililompata. Labda imani yake ilikuwa ndogo, na ndiyo maana mkono wake ulileta aibu mahali pa uponyaji. Labda alikuwa amemkosea mtu aliyemwamini. Aliona kwamba, kwa vyovyote vile, hafai kukaa mstari wa mbele. Lakini kabla ya kulisema hilo kwa mtu yeyote, alitaka kwanza kuonekana tena kwenye uzio wa minyaa kama zamani.

Akaanza kwenda kila asubuhi na mkokoteni wa ng'ombe, amepakia madumu ya maji. Alikohoa, akayashusha, akaondoka. Kisha aliona kwamba mvua ilikuwa imekula ukuta wa chumba cha mgonjwa kwa upande wa nje, akakanda udongo na kuanza kuuziba. Akiwa anasiriba, aliomba kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na kazi yake. Alimwombea mama mkwe usingizi, na mkono upate kuinuka, na uji ushuke. Hakujua kwamba ukuta ule ulikuwa umebaki mwembamba kiasi hicho.

Asubuhi moja, alipomaliza kuomba, kutoka ndani ilisikika sauti nzito, iliyovutwa na ugonjwa. "Amina."

Dastan alisimama, udongo ukiwa bado mikononi.

Kesho yake Mama Kija alitangulia kumwamkia kutoka ndani. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," Dastan aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma, na akaendelea kusiriba. Siku hiyo mama aliomba ageuzwe upande wa mlangoni, na uji akaunywa.

Habari hiyo ilimfikia Masunga, naye ndiye aliyeomba kikao. Alieleza kwa utaratibu kwamba Dastan amekataa kurudi chumbani kumwekea mgonjwa mikono mara ya pili, na kwamba anaonekana akiomba uani.

"Mzee wa kanisa hawezi kuombea watu akiwa nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku," alimalizia.

Mama Lucy alimgeukia. "Baba Masunga, mama mkwe wako yuko Ipililo. Wewe ulimwekea mikono lini?"

Masunga alijibu kwamba mama yule ni mzima.

"Hajawahi kuugua?"

Mwalimu Novatus aliinamia karatasi yake, ingawa hapakuwa na la kuandika. Masunga alisema, bila hasira, kwamba mama yule aliwahi kuugua malaria kali, na kwamba yeye alimtuma mkewe aingie, naye akabaki barabarani na baiskeli hadi jioni.

"Na barabarani ulikuwa unafanya nini?" Mchungaji Josia aliuliza.

"Nilikuwa naomba," Masunga alisema.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mama Lucy alilazimika kutazama dirishani. Mchungaji alisema kwamba kila mtu amepewa imani kwa kipimo chake, na kwamba kazi ya kikao si kuvilinganisha vipimo hivyo. Alipendekeza Dastan abaki katika nafasi yake, ila asipangiwe tena kwa wakwe zake. Masunga aliunga mkono. Kwa wote waliokuwepo jambo lilionekana limekwisha, na Novatus alishika kalamu kuandika azimio.

Dastan aliomba ruhusa ya kusimama. Alisema anawashukuru, na kwamba ametafakari kwa siku nyingi.

"Mkono ule sikuuweka kwa imani," alisema. "Niliuweka kwa kumwogopa Mzee Masunga. Nje ya ukuta sikumwogopa mtu yeyote. Kwa hiyo nimeamua hivi. Nafasi ya mzee wa kanisa nairudisha leo, na siirudishi kwa uchungu. Wagonjwa wa kanisa hili nitawapelekea maji na kuni, na nyumba zao nitazikarabati. Nikiwa kazini nitawaombea. Kumwekea mama mikono, akitaka mwenyewe, aende Mama Lucy. Na kesho ibadani nitasimama nirekebishe ushuhuda ule. Mama hakulia kwa kuguswa na Roho. Alilia kwa aibu, na aliyemwaibisha ni mimi. Milembe amekwisha kumuuliza kama niseme. Mama amekubali."