Majina ya Msibani

Kwenye mkutano wa mtaa, Mwanaasha alimsikiliza mtendaji akisoma majina ya wakazi walioridhia fedha za zahanati zijenge kwanza uzio wa ofisi. Mwinjuma, Najat, Yazid wa dukani. Mwinjuma ni shemeji yake, na anaishi Kimbiji, si mtaani hapa! Majina yale yalifuatana hivyohivyo kwenye daftari la rambirambi la msiba wa mumewe, ambalo mtendaji aliliazima, eti ofisi iwashukuru waliofika.

Akasimama.

“Hao hawakuja kuridhia uzio, mwanangu,” alisema. “Walikuja kumzika Twalib, aliyenifia kwenye bajaji nikimkimbiza hospitali ya mbali, kwa kuwa hapa hatuna zahanati. Haya, endelea kusoma.”